Tiger, IS-2 au Churchill: kuchagua kifaru kizito kwa kazi yake

Mabishano kuhusu kifaru kizito kilicho bora katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa kawaida huanza na unene wa deraya (mabamba ya chuma ya kujikinga) na ukubwa wa mzinga, kisha hukwama hapohapo. Ujerumani, Umoja wa Kisovieti na Uingereza hazikuwa na haja moja. Wajerumani walitaka mashine ya kuua vifaru vya adui kwa mbali. Wasovieti walitaka nyundo ya kuvunja ngome. Waingereza walitaka ukuta unaotembea sambamba na askari wa miguu. Kwa hiyo ukitaka kuchagua, iwe kwa mchezo wa kivita wa mezani, kwa modeli unayotaka kuunda, au kwa kuelewa tu kwa nini vita vilikwenda vilivyokwenda, jiulize maswali matatu kabla ya kutazama mzinga: kinampiga nani, kinapita ardhi ya namna gani, na kikikwama nani atakivuta. Swali la tatu ndilo husahauliwa, na ndilo lililoamua mengi.

Hapa tunalinganisha Tiger I ya Ujerumani, IS-2 ya Umoja wa Kisovieti na Churchill ya Uingereza. Tiger II tumeiacha kwa sababu ilizaa upya matatizo ya Tiger I kwa ukubwa zaidi: karibu tani 70 zikisukumwa na injini ileile ya nguvu za farasi 700. M26 Pershing ya Marekani iliingia vitani Ulaya mwezi Februari 1945, tena chache, kwa hiyo haina historia ndefu ya mapigano ya kupimia.

| | Tiger I | IS-2 (1944) | Churchill VII |
|---|---|---|---|
| Uzito (tani) | 57 | 46 | 40 |
| Askari ndani | 5 | 4 | 5 |
| Mzinga (milimita) | 88 | 122 | 75 |
| Makombora yanayobebwa | 92 | 28 | 84 |
| Deraya ya mbele ya bodi (milimita) | 100, karibu wima | 90 hadi 120, iliyolazwa sana | 152, wima |
| Injini (nguvu za farasi) | petroli, 700 | dizeli, 520 | petroli, 350 |
| Kasi ya juu barabarani (km kwa saa) | takriban 40 | 37 | 20 |
| Idadi iliyotengenezwa | takriban 1,350 | takriban 3,400 | zaidi ya 5,000, matoleo yote |

KV-1, mzazi wa mashindano

Huwezi kuielewa Tiger wala IS-2 bila KV-1, kifaru kizito cha Wasovieti kilichozitangulia. Ilianza kutengenezwa Leningrad mwishoni mwa 1939, ikiwa na deraya ya milimita 75 na mzinga wa milimita 76. Juni 1941, karibu na Raseiniai nchini Lithuania, KV moja iliziba njia ya ugavi ya kikosi cha Divisheni ya 6 ya Panzer, na mizinga ya kawaida ya Wajerumani ya kupigia vifaru ikashindwa kuitoboa. Wajerumani walikuwa wameshaagiza kifaru kizito mwezi Mei mwaka huohuo, lakini baada ya kukutana na KV na T-34, kifaru cha kati cha Wasovieti, kazi ilipelekwa mbio, na mbio hizo zilionekana baadaye katika ubovu wa Tiger za mwanzo.

Ila KV yenyewe ilikuwa na kasoro mbili. Giaboksi ilikuwa dhaifu kwa uzito ule, na mara nyingi dereva alilazimika kusimamisha kifaru ndipo abadilishe gia. Na mzinga wake haukuwa na nguvu kuliko ule wa T-34, kifaru chepesi, cha bei nafuu na chenye kasi zaidi. Kamanda anayepewa uzito wa tani 45 bila nyongeza yoyote ya nguvu ya mzinga ana haki ya kuuliza anautaka wa nini. IS-2 ndiyo ilikuwa jibu la swali hilo.

Tiger I: kwa kupiga mbali, karibu na reli na karakana

Kampuni ya Henschel ya Kassel ilishinda zabuni dhidi ya Porsche baada ya magari yote mawili kuonyeshwa kwa Hitler tarehe 20 Aprili 1942. Uzalishaji ulianza Agosti 1942 na kuishia Agosti 1944.

Fahari ya Tiger ni mzinga wake wa milimita 88. Kombora la kutoboa deraya, lenye uzito wa takriban kilo 10, lilitoka kwa kasi ya mita 773 kwa sekunde, na kwa umbali wa mita 1,000 lilitoboa takriban milimita 100 za chuma kilicholala nyuzi 30. T-34 na Sherman ya Marekani ziliweza kupigwa kutoka mbali zaidi ya hapo, ilhali zenyewe zililazimika kusogea sana au kuzunguka ubavuni. Darubini za kulengea zilikuwa nzuri, kombora na baruti vilikuwa kipande kimoja hivyo mpakiaji alifanya kazi haraka, na mzinga uliweza kuinamishwa takriban nyuzi 8 chini. Inamo hilo lina maana kubwa: kifaru kinajificha nyuma ya mgongo wa kilima, mnara peke yake ukichungulia, na bado kinalenga bondeni.

Dereva naye aliendesha kwa usukani, na giaboksi yake ya gia 8 za mbele ilimruhusu kuchagua gia kabla ya kuibadilisha. Kwa gari la tani 57, wepesi huo uliwashangaza hata Waingereza walioichunguza baadaye.

Sasa uje upande wa gharama. Magurudumu yalipangwa kwa kupishana, safu juu ya safu, ili uzito ugawanyike vizuri juu ya mnyororo. Gurudumu la ndani likiharibika, ni lazima uvue kadhaa ya nje kwanza. Upande wa Mashariki, matope yalijaa katikati ya magurudumu mchana, usiku yakaganda kuwa barafu, na alfajiri kifaru kikashindwa kusogea. Mpango huu ulipunguziwa usumbufu Februari 1944, Tiger zilipoanza kupewa magurudumu ya chuma yasiyo na mpira wa nje, mawili kwa kila ekseli badala ya matatu.

Treni nayo ilidai kodi yake. Minyororo ya mapigano ilikuwa na upana wa milimita 725, mipana mno kwa behewa. Kwa hiyo kabla ya kupakia, askari walivua magurudumu ya safu ya nje na kufunga minyororo myembamba ya milimita 520. Wakishuka, walirudia kazi yote kinyume. Ukisikia Tiger ziliamriwa kuhama sekta moja hadi nyingine, hesabu saa za jasho pande zote mbili za safari.

Injini ya Maybach na gia za mwisho zinazozungusha minyororo zilibeba mzigo uliozidi kiasi zilichokusudiwa. Magari 250 ya kwanza yalikuwa na injini ya nguvu 650, yaliyofuata 700, lakini uzito ulibaki palepale na uchovu wa vyuma ukabaki palepale. Kikiharibika njiani, kilihitaji magari matatu ya kuvuta ya tani 18 yakifungwa pamoja. Kanuni zilikataza Tiger kuvuta Tiger nyingine, maana ya pili ingeungua injini au kukata gia. Vitani kanuni hiyo ilivunjwa mara kwa mara, na matokeo yakawa yaleyale yaliyotabiriwa. Sehemu kubwa ya Tiger zilizopotea zililipuliwa na askari wake wenyewe, kwa kukosa mafuta, spea au gari la kuvuta wakati jeshi linarudi nyuma.

Vita vya kwanza vya Tiger vilitoa onyo mapema. Mwisho wa Agosti 1942, Batalioni ya 502 ilizipeleka karibu na Mga, kusini-mashariki mwa Leningrad, katika ardhi ya majimaji na misitu, na nyingi kati ya zile chache zilizoingia ziliharibika zenyewe. Januari 1943 Wasovieti waliteka moja ikiwa nzima, wakaipima kwa mizinga huko Kubinka, uwanja wao wa majaribio, na kutoka hapo wakajua hasa ni mzinga gani wanaouhitaji. Lile la Mga lilikuwa kosa la matumizi kuliko la ubunifu: silaha ya kupiga mbali ilitumwa mahali pasipoonekana mbali.

Tiger ilipopewa nafasi yake halisi, yaani ulinzi katika nyanda wazi, vilima vya kujificha, na reli isiyo mbali, ilikuwa mashine ya kutisha. Batalioni kamili ilikuwa na vifaru 45. Lakini iliyo mbovu haifyatui, na kila anayelinganisha anapaswa kuhesabu zilizo tayari asubuhi, si zilizoandikwa kwenye daftari.

Jambo dogo la mwisho kuhusu Tiger, linalopuuzwa sana: mnara uligeuzwa kwa nguvu ya haidroliki iliyotoka kwenye injini. Injini ikizimwa, mlenga shabaha alitakiwa kuzungusha gurudumu la mkono mara 720 ili mnara uzunguke duara zima. Kifaru kilichozungukwa porini au mjini kikiwa hivyo kiko taabani.

IS-2: kwa kuvunja ngome na kuingia mjini

IS-2 ilitoka Chelyabinsk, milima ya Ural, ambako timu ya Zhosef Kotin na Nikolai Dukhov ilichukua mafunzo ya KV na kuunda bodi ndogo, nyepesi na nene zaidi. Toleo la kwanza lilikuwa na mzinga wa milimita 85, likatengenezwa kwa idadi ndogo, kisha T-34 nayo ikapewa mzinga wa ukubwa huohuo. Kosa la KV lilikuwa linataka kujirudia. Fyodor Petrov na kiwanda chake wakaweka mzinga wa milimita 122 uliotokana na mzinga wa uwanjani, A-19.

Kulikuwa na mzinga mwingine wa milimita 100 uliotoboa chuma vizuri zaidi. Kwa nini haukuchaguliwa? Makombora ya 122 yalikuwa tayari yanazalishwa kwa wingi, viwanda vilikuwepo, na kazi iliyokusudiwa haikuwa kuwinda vifaru. Kombora la mlipuko la kilo 25 likiingia kwenye nyumba ya mawe au ngome ya zege, linamaliza kazi ambayo kombora la kilo 9 la Tiger lingeirudia mara kadhaa. Angalia mzigo wake wa kawaida: kati ya makombora 28, 20 yalikuwa ya mlipuko na 8 tu ya kutoboa deraya. Anayeibeza IS-2 kwa kushindwa kupigana na Tiger ana kwa ana hajasoma hesabu hiyo.

Hata hivyo kilo 25 za chuma zikigonga deraya zina madhara yake hata pasipo kutoboa. Bamba lilipasuka, viungo vya kulehemu vikaachia, na vipande vikaruka ndani. Mwishoni mwa vita, chuma cha Kijerumani kilipungukiwa na madini ya kukipa ushupavu kama molibdeni, hivyo kupasuka kukazidi.

Udhaifu wake mkubwa ni mwendo wa kufyatua. Kombora na baruti vilikuwa vipande viwili, vizito, ndani ya mnara mfinyu. Tarajia mara 2 hadi 3 kwa dakika. Kufuli ya kwanza ya mzinga ilikuwa ya skrubu, ikabadilishwa mwaka 1944 kwa ya kuteleza iliyojifungua yenyewe baada ya kufyatua, na hapo mambo yakawa afadhali kidogo, si sana. Mzinga uliinama nyuzi 3 tu, hivyo mbinu ya Tiger ya kujificha nyuma ya mgongo wa kilima ni ngumu kwa IS-2: ili kulenga bondeni inabidi ijitokeze. Na makombora 28 huisha. Kikosi cha IS-2 bila malori ya makombora nyuma yake kina asubuhi moja ya kazi. Dereva naye hakuwa na mlango wake juu. Kifaru kikishika moto alitoka kwa kupitia mnarani au mlango wa dharura sakafuni.

Upande wa matunzo ndipo IS-2 inapoishinda Tiger waziwazi. Injini yake ya dizeli ni ya ukoo uleule na ya T-34, kwa hiyo fundi wa T-34 hakuwa mgeni kwake. Magurudumu hayapishani. Tani 46 zinavuka madaraja mengi ambayo tani 57 hazithubutu. Mafuta ya ndani, lita 520, yaliifikisha takriban kilomita 240 barabarani, na madumu ya nje yaliongeza. Jeshi linalosonga mbele mamia ya kilomita, kama lilivyofanya Jeshi Jekundu mwaka 1944, lisingeweza kuburuta Tiger nyuma yake.

Vifaru hivi vilikusanywa katika rejimenti za “walinzi” (jina la heshima la vikosi teule vya Kisovieti) za vifaru 21, kombania nne za vitano pamoja na kimoja cha kamanda, na vilipewa majeshi pale tu palipotakiwa kupasuliwa ngome. Mwezi Agosti 1944 katika eneo la Sandomierz, Poland, IS-2 na T-34-85 zilizovizia pembeni mwa njia zilizitwanga Tiger II zilizokuwa zikija kwa safu. Berlin, Aprili 1945, zilikwenda barabarani kwa jozi, moja kila upande wa mtaa, kila moja ikilinda madirisha ya upande wa pili, na askari wa miguu na wahandisi wakizizunguka. Zilizotangulia bila askari wa miguu zilichomwa na Panzerfaust, silaha ya begani iliyotoboa takriban milimita 200 kwa umbali wa makumi ya mita. Hakuna deraya ya wakati ule iliyoweza kuzuia hilo ubavuni.

Churchill: kwa mlima, matope na askari wa miguu

Churchill ilibuniwa na Vauxhall Motors ya Luton mwaka 1940 kwa haraka ya hofu ya uvamizi, na ikaingia vikosini ikiwa haijapevuka. Kampuni yenyewe ilitia kwenye kitabu cha maelekezo karatasi iliyokiri kasoro zinazojulikana na kuahidi kuzirekebisha. Mamia yalirudishwa kufanyiwa marekebisho. Katika shambulio la Dieppe, pwani ya Ufaransa, tarehe 19 Agosti 1942, mawe ya mviringo ya ufukweni yaliingia kwenye minyororo na kuikata, na vilivyofika barabarani vikakuta vizuizi vya zege vilivyowashinda wahandisi kuvilipua. Kwa wengi sifa ya Churchill iliishia pale, nao wamekosea.

Kilichoiokoa ni Tunisia. Aprili 1943, vifaru vya rejimenti ya Kiingereza ya North Irish Horse vilipanda miteremko ya Longstop Hill ambayo walinzi wa Kijerumani hawakutegemea kuona kifaru. Siri ni mchanganyiko wa vitu vitatu. Minyororo mirefu inayopita juu ya bodi, magurudumu madogo 11 kila upande, kila moja na springi zake, na giaboksi ya Merritt-Brown iliyoruhusu kifaru kugeuka papo hapo, mnyororo mmoja ukienda mbele na mwingine nyuma. Gurudumu moja au mawili yakipigwa na bomu la ardhini, mara nyingi safari iliendelea. Kasi ni ndogo sana, km 25 kwa matoleo ya kwanza na 20 kwa Churchill VII, lakini askari wa miguu anayepanda mlima haendi kasi hiyo.

Mwezi huohuo nchini Tunisia, kombora la mzinga wa milimita 57 kutoka kwa Churchill liligonga chini ya mzinga wa Tiger 131 na kukwamisha mnara wake. Waliokuwa ndani wakaiacha. Tiger hiyo iko Bovington, Uingereza, na bado inatembea.

Mzinga ndio tatizo la Churchill siku zote. Ule wa milimita 57 ulitoboa vizuri lakini kombora lake la mlipuko lilikuwa hafifu, na kazi ya kusaidia askari wa miguu inataka mlipuko. Wa milimita 75 ulirekebisha hilo ila ukapunguza uwezo wa kutoboa. Ndiyo maana vikosi vingi viliichanganya: vingine na 57, vingine na 75, na vichache vya milimita 95 vya kurusha makombora mazito. Churchill peke yake mbele ya Tiger au Jagdpanther (gari la Kijerumani la kuwinda vifaru) kwenye uwanja wazi iko hatarini, na askari wa vifaru wa Scots Guards walilipia hilo huko Normandy tarehe 30 Julai 1944, siku ileile ambayo Churchill za brigedi yao ziliwashangaza Wajerumani kwa kupanda vilima vya Caumont.

Yanayoipandisha thamani ni mambo mawili. Nafasi ndani ni kubwa na kuna milango ya kutokea ubavuni, hivyo askari waliponea. Na bodi ile ilikubali kila kazi: AVRE yenye mota ya milimita 290 ya kubomoa zege, ARK iliyokuwa daraja lenyewe, na Crocodile iliyorusha moto zaidi ya mita 100 kutoka kwenye trela ya takriban lita 1,800 za mafuta. Ngome nyingi zilisalimu amri kwa kuiona Crocodile tu. Tahadhari: shinikizo la gesi kwenye trela huvuja, kwa hiyo lilipandishwa muda mfupi kabla ya shambulio, si asubuhi yote.

Basi uchukue kipi?

Ukiwa unalinda, una uwanja wa kuonea zaidi ya mita 1,000, reli iko karibu na karakana ina spea: Tiger. Ukipungukiwa na moja kati ya hayo, thamani yake inashuka haraka.

Ukishambulia zege, mji au mstari wa mahandaki, na baada ya hapo utasonga mbali: IS-2, pamoja na malori ya makombora na askari wa miguu wasiobanduka. Kwa jeshi kubwa lenye mashambulizi mengi, hii ndiyo tungeichagua bila kusita, kwa sababu inafika.

Ukipanda vilima, ukivuka misitu yenye matope kama Reichswald, Ujerumani, ya Februari 1945, au ukihitaji kundi la mashine maalumu zinazotumia bodi moja: Churchill, ikiwa na mtu mwingine wa kushughulikia vifaru vya adui.

Kwa wanaopanga mchezo au modeli, tarehe ni jambo la kuangalia sana. IS-2 haikuwepo katika vita vya Kursk, Urusi, Julai 1943, bali iliingia vitani mwanzoni mwa 1944. Zilizokuwepo Kursk ni KV na SU-152 (mzinga mzito wa Kisovieti unaojiendesha), na hata Churchill za msaada wa Uingereza zilipigana Prokhorovka, katika vita hivyohivyo, upande wa Wasovieti. Pua ya IS-2 iliyonyooka ni ya 1944, ya ngazi ni ya awali, na bunduki ya rashasha ya milimita 12.7 juu ya mnara ni ya mwishoni mwa 1944 kuendelea. Tiger ya magurudumu ya chuma haifai kwa Tunisia. Churchill VII yenye milango ya duara ubavuni ni ya Normandy na baadaye. Kwa Italia ya 1944 tafuta Churchill IV iliyofungwa mzinga wa milimita 75 ulioondolewa kwenye Sherman mbovu, kazi iliyofanyika Bône, Algeria, kwa magari takriban 200.